Seti ya Kwanza ya Elektroniki: Namna ya Kuichagua Kabla Hujatoa Pesa

Ukitafuta seti ya kuanzia elektroniki utakuta maboksi mengi, na kila moja linajisifu kwa namba. Hili limeandikwa vipuri 300, lile miradi 130, la tatu lina picha ya roboti anayetembea. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu jambo lenye uzito zaidi: ukishamaliza miradi yote, je, utajua kwa nini taa iliwaka?

Mimi nina kipimo kimoja, na hatua zote zilizo hapa chini zinakitumikia. Seti ya kwanza inayofaa ni ile ambayo, ukiimaliza, unaweza kukishika kipuri chochote kilichomo ukasema kinafanya kazi gani, kisha ukakibadilisha kwa kingine ukiwa umeshajua kitakachotokea.

Hatua ya 1: Amua unataka kifaa kifanye nini

Usianze na aina ya seti. Anza na kifaa unachotamani kukiona mezani kwako: taa inayojiwasha giza likiingia, king'ora, redio, kigari, kinanda kidogo, kipimajoto cha chumba. Andika sentensi moja tu: "Nataka kitu ambacho…" kisha uimalizie.

Sentensi hiyo itakuonyesha njia. Ikihusu mwanga, sauti au kitu kinachorudiarudia, transista chache (vipuri vinavyowasha na kuzima mkondo kama swichi) na chipu moja ya bei ndogo zinatosha, bila kompyuta. Ikiwa na masharti ndani yake, mathalani "joto likizidi kiwango fulani, feni iwake kwa dakika kumi kisha inijulishe kwenye simu", hapo unahitaji maikrokontrola, yaani chipu unayoiandikia programu.

Siku hizi wengi hushauriwa waanzie kwenye programu moja kwa moja. Ushauri huo unamfaa mtu anayejua tayari kuandika programu, kwa sababu atakuwa anajifunza jambo moja jipya badala ya mawili. Asiyejua programu wala umeme atapata tabu: kifaa kikigoma hatajua kama kosa liko kwenye waya, kwenye kipuri au kwenye mstari wa saba wa programu.

Hatua ya 2: Zijue familia nne za seti

Seti za kubana ndizo rahisi kuliko zote. Kila kipuri kimefungwa ndani ya kipande cha plastiki chenye vifungo vya chuma pembeni, nawe unavibana vipande pamoja juu ya ubao. Snap Circuits ya kampuni ya Elenco ndiyo maarufu zaidi katika kundi hili, na boksi lake limeandikwa umri wa miaka 8 na kuendelea. Mtoto ataunda saketi, yaani njia kamili ya umeme, inayofanya kazi ndani ya muda mfupi, na ni vigumu kuharibu kitu. Upungufu wake ni kwamba kipuri chenyewe hukioni vizuri, na kuongeza kipuri ulichonunua mahali pengine si rahisi. Kwa mtu mzima, seti hizi huchosha mapema.

Seti za bredibodi ndizo ninazowapendekezea watu wengi. Bredibodi ni kibao cha plastiki chenye matundu mengi yaliyoachana milimita 2.54. Unachomeka miguu ya vipuri bila kulehemu (kuiunganisha kwa bati la kuyeyusha), na ukikosea unachomoa. Ndani yake kuna vibanio vya chuma: matundu matano ya safu moja fupi yameungana, na katikati ya kibao kuna mfereji unaotenganisha upande mmoja na mwingine, ili chipu ikae juu ya mfereji huo bila miguu yake kugusana. Pembeni kuna mistari mirefu ya kupitishia chanya na hasi. Ukubwa uliozoeleka ni wa matundu 400 na wa matundu 830. Kwenye baadhi ya bredibodi za matundu 830, mistari ya pembeni imekatika katikati, na upande wa pili haupati umeme mpaka uunganishe mwenyewe kwa waya. Wanaoanza wengi hudhani chipu imekufa, kumbe umeme haujaifikia.

Uzuri wa bredibodi ni kwamba kipuri kiko uchi mbele yako, unakiona jina na rangi, na kukibadilisha ni kazi ya sekunde chache. Kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, hakuna familia inayoishinda.

Seti za kulehemu hukupa ubao wa saketi uliochapishwa tayari, vipuri vyake, na kifaa kimoja mwishoni: saa, redio, kete ya elektroniki. Zinafundisha mikono na zina raha yake, kwa sababu unabaki na kitu cha kudumu. Ila unaweza kulehemu ubao mzima kwa kufuata picha tu, kifaa kikafanya kazi, na usijue chochote kuhusu kilichomo. Kwa hiyo naiweka kama seti ya pili. Ukiamua kuanza nayo, chagua ambayo vipuri vyake vina miguu ya kupenyeza kwenye matundu. Vile vidogo vya kubandikwa juu ya ubao, vyenye urefu wa milimita 2 au chini yake, viache kwanza.

Familia ya nne ni ya maikrokontrola. Arduino ilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi, na Arduino Uno bado ni miongoni mwa bodi zenye mafunzo mengi zaidi. BBC micro:bit ilianza kugawiwa wanafunzi wa miaka 11 na 12 nchini Uingereza mwaka 2016. Ina LED (taa ndogo za elektroniki) 25, vitufe viwili, kihisi mwendo na dira juu ya bodi yenyewe, hivyo unaweza kufanya mengi kabla ya kuunganisha waya hata mmoja. Kwa kijana anayeanza programu, naichagua hiyo kabla ya Uno. Kwa anayetaka kuchanganya programu na vipuri vya kawaida kwenye bredibodi, Uno.

Angalizo kuhusu Raspberry Pi: bodi kubwa za jina hilo ni kompyuta kamili zinazohitaji mfumo endeshi na kadi ya kumbukumbu. Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021, ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni maikrokontrola. Soma jina hadi mwisho kabla ya kununua.

Hatua ya 3: Soma kijitabu kabla hujanunua

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Watengenezaji wengi wa seti nzuri huweka kijitabu cha maelekezo kwenye intaneti, na mtu yeyote anaweza kukipakua bila kununua seti. Kama hukipati popote, wala hakuna kurasa za mfano, mimi naiacha seti hiyo hata ikiwa na vipuri elfu.

Usisome ukurasa wa kwanza, maana huo hupambwa. Fungua mradi ulio katikati ya kijitabu. Angalia kama pamoja na picha ya nyaya kuna mchoro wa saketi wenye alama za vipuri. Picha inakuambia waya uende tundu gani. Mchoro unakuambia umeme unapita wapi, na ndio utakaokutana nao kila mahali baadaye. Alama zenyewe hutofautiana kidogo: rezista, kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme, huchorwa kama mstari wa kona kona au kama kisanduku chembamba, kutegemea desturi ya mchoraji. Kijitabu kizuri hutumia alama za aina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuzieleza.

Kisha ujiulize swali moja kuhusu mradi huo: kwa nini rezista hii ina thamani hii na si nyingine? Tafuta jibu kijitabuni. Kwa LED nyekundu inayotumia betri ya volti 9, jibu linalofaa ni kama hili. LED nyekundu huchukua takriban volti 2, kwa hiyo zinabaki volti 7 za kuangukia kwenye rezista. Tukitaka mkondo wa miliampea 15, tunagawanya 7 kwa 0.015 na kupata omu 467. Thamani ya karibu inayouzwa ni omu 470. Ukiweka LED ya buluu, ambayo huchukua takriban volti 3, zinabaki volti 6, na hesabu hiyohiyo inakupa omu 400, yaani utachukua 390. Ukiweka omu 10,000 mkondo utashuka chini ya miliampea moja na taa itafifia. Ukiiondoa rezista kabisa, LED itaungua.

Aya moja kama hiyo ina thamani kuliko miradi ishirini ya "chomeka hapa, chomeka pale". Kijitabu kisipokuwa na hesabu hiyo popote katika kurasa zake za mwanzo, waandishi wake hawakukusudia uelewe.

Mambo mengine mawili ya kuangalia humo. La kwanza, je, kinakualika ubadilishe kitu? Maneno kama "jaribu kapasita kubwa zaidi, sikiliza sauti itakavyobadilika" ni dalili njema sana (kapasita ni kipuri kinachojaa umeme na kuumwaga). La pili, je, kina sehemu ya kutafuta kosa? Saketi hugoma hata kwa watu waliobobea, na kijitabu kinachodhani kila kitu kitawaka mara ya kwanza kinakuacha peke yako siku unayokihitaji zaidi.

Hatua ya 4: Tazama aina za vipuri, si idadi

Boksi la vipuri 300 linaweza kuwa na rezista 200, nyaya 65, na vitu vingine vichache. Si udanganyifu, maana rezista ni vipuri, ila idadi hiyo haikufikishi mbali. Tafuta orodha kamili ya vilivyomo. Kwa seti ya bredibodi ningependa kuona rezista za thamani kadhaa kuanzia omu 220 hadi 100,000, kapasita za nanofaradi 100 na za mikrofaradi 10 na 100, LED za rangi mbili au tatu, transista mbili au zaidi za aina ya NPN, potenshomita (rezista ya kuzungusha), kihisi mwanga, vitufe, baza (kipuri kinacholia) au spika ndogo, na chipu ya 555.

Chipu hiyo ya 555 naitafuta kwanza. Ilibuniwa na Hans Camenzind kwa ajili ya kampuni ya Signetics mwaka 1971, ikaingia sokoni mwaka 1972, na mpaka leo inatengenezwa. Ina miguu minane tu, na kwa rezista mbili na kapasita moja inageuka kuwa kimulimuli, king'ora, kinanda au kipima muda. Seti yenye 555 na kijitabu kinachoieleza imeshakupa miezi ya kuchezea.

Kuhusu transista, linganisha jina lililo kwenye kijitabu na jina lililoandikwa kwenye kipuri chenyewe. Wauzaji hubadilisha aina bila kubadilisha kijitabu. BC547 na 2N3904 zinafanya kazi zinazofanana, lakini miguu yake imepangwa kinyume: ukiishika kila moja upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, 2N3904 inaanza kushoto na emita, besi, kolekta (majina ya miguu yake mitatu), na BC547 inaanza na kolekta, besi, emita. Picha ya kijitabu ikifuatwa bila kuangalia jina, saketi haitafanya kazi na utalaumu mikono yako bure.

Vifurushi vya "vihisi 37" na mfano wake viache viwe ununuzi wa baadaye. Kila kihisi kinakuja juu ya kibao chake, mara nyingi bila maelezo yoyote ya maana, na humalizi kimoja ukakielewa kabla ya kuvutwa na kingine.

Hatua ya 5: Kagua inatumia umeme gani

Seti ya kwanza itumie betri za kawaida au umeme wa USB. Yoyote inayokutaka uunganishe nyaya zako kwenye umeme wa ukutani, ipite. Vilevile seti zenye betri tupu za lithiamu zisizo na saketi ya kuzilinda. Zikipigwa shoti zinaweza kushika moto.

Betri ndogo ya mraba ya volti 9 inafaa kwa LED na 555, lakini haina nguvu ya kuendesha mota kwa muda wa maana. Kwa mota, kibebeo cha betri nne za AA, zinazotoa volti 6, ni bora zaidi. Betri tatu za AA zinatoa volti 4.5, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha 555 ya kawaida, hivyo zikichoka kidogo tu saketi itaanza kusuasua.

Kwa maikrokontrola, angalia volti za bodi na za vihisi vinavyoandamana nayo. Uno R3, toleo lililozoeleka, inafanya kazi kwa volti 5. Pico na ESP32 (maikrokontrola nyingine) kwa volti 3.3. Kihisi kinachorudisha ishara ya volti 5 kwenye mguu wa bodi ya volti 3.3 kinaweza kuiua bodi. Tena, mguu mmoja wa Uno R3 haupaswi kutoa zaidi ya takriban miliampea 20 kwa kazi ya kawaida. Mota za kawaida huhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo seti ya kigari iwe na bodi ya kuendeshea mota na betri zake pekee. Ikionyesha mota imechomekwa moja kwa moja kwenye mguu wa bodi, aliyeiandaa hakuwa makini, na sehemu nyingine zilizobaki usiziamini pia.

Hatua ya 6: Jumlisha vitu visivyomo ndani ya boksi

Kabla ya kulinganisha bei za seti mbili, ongeza kwenye kila moja gharama ya vitu unavyolazimika kununua pembeni. Betri ni mojawapo. Maboksi mengi huja bila betri.

Mita ya dijitali (kifaa cha kupimia umeme) ya bei ya chini kabisa inakutosha, nami naihesabu kuwa ya lazima kwa familia zote isipokuwa ya kubana. Hakikisha ina mlio wa kupima kama waya umeungana, inapima volti na inapima omu. Waya mwekundu wa mita uubakize kwenye tundu la volti. Ukiuacha kwenye tundu la ampea kisha ukapima betri, umepiga shoti kupitia mita.

Ukichagua kulehemu, unahitaji chuma cha kulehemia chenye kidhibiti joto, koleo ndogo ya kukatia miguu ya vipuri, na miwani ya kukinga macho, kwa sababu vipande vinavyokatwa huruka. Waya wa kulehemia wenye bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183; usio na risasi huhitaji kama 217 na kuendelea, na ni mgumu zaidi kwa anayeanza, ingawa ni salama zaidi kiafya. Ukitumia wenye risasi, nawa mikono kabla ya kugusa chakula. Kwa aina zote mbili, fungua dirisha, moshi usikuingie puani.

Kwa maikrokontrola, uliza kuhusu kebo. Kebo nyingi za USB ni za kuchajia tu na hazipitishi data: bodi itawaka taa yake lakini kompyuta haitaiona. Na bodi nyingi zilizotengenezwa kwa kunakili Uno hutumia chipu ya CH340 kuwasiliana na kompyuta, ambayo kwenye baadhi ya kompyuta huhitaji kuwekewa draiva (programu ya kuitambua) kwanza. Hilo si sababu ya kuzikataa. Ni jambo la kujua kabla hujadhani umeuziwa kibovu.

Kama seti ni ya mtoto

Mtoto mdogo asipewe seti yenye betri za kitufe zinazoweza kutolewa kwa mkono. Akimeza moja, inaweza kuunguza koo ndani ya saa chache, na hiyo ni dharura ya hospitali. Mbali na hilo, chagua seti ambayo mradi wake wa kwanza unatoa sauti au mwanga papo hapo, na ukae naye mezani miradi ya mwanzo.

Hatua ya 7: Seti ikifika, ijaribu kwa saketi moja

Hesabu vipuri kwa orodha siku hiyohiyo, wakati bado unaweza kudai kilichopungua. Pima rezista zote kwa mita na uziweke kwenye vifuko vyenye thamani zilizoandikwa. Zile za buluu zina michirizi mitano yenye rangi zinazofanana, na hata macho mazima huzikosea, mita haikosei.

Halafu unda kimulimuli cha 555 kwa betri ya volti 9. Mguu wa 1 uko juu kabisa upande wa kushoto unapoishika chipu kishimo chake kikiwa juu, na miguu mingine inahesabika kushuka upande huo kisha kupanda upande wa pili. Mguu wa 1 uende hasi, wa 8 na wa 4 chanya. Unganisha wa 2 na wa 6. Rezista ya omu 1,000 iwe kati ya 8 na 7, ya omu 68,000 kati ya 7 na 6. Kapasita ya mikrofaradi 10 itoke kwenye 6 kwenda hasi. Upande wake wenye mstari ndio uelekee hasi. Mwishowe LED pamoja na rezista ya omu 470 zitoke mguu wa 3 kwenda hasi, mguu mrefu wa LED ukielekea kwenye chipu.

Taa itamulika takriban mara moja kila sekunde. Sasa toa kapasita ya 10 uweke ya 100. Kabla ya kuwasha, sema kitakachotokea: itachukua karibu sekunde kumi kwa kila mmuliko, kwa kuwa kapasita kubwa mara kumi inachukua muda mara kumi kujaa na kumwagika. Rudisha ya 10, kisha toa rezista ya omu 68,000 uweke kihisi mwanga mahali pake. Kifunike kwa kiganja na taa itapunguza kasi. Kimulike kwa tochi na itaharakisha mpaka ionekane haizimiki.

Kama seti uliyonunua haina thamani hizo, usinunue seti nyingine. Nunua rezista na kapasita za pembeni moja moja, kwani huuzwa kwa bei ndogo sana, na uendelee na kijitabu kilekile mpaka kiishe.